Jogoo na Malezi ya Vifaranga

MADA: TABIA ZA WANYAMA
Mada ndogo: Kiota, kuatamia na malezi kwa kuku wa kienyeji

Malengo

Baada ya kusoma sehemu hii uweze:

(a) kueleza kazi anazofanya jogoo kabla ya tetea kutaga, wakati wa kuatamia na baada ya vifaranga kuanguliwa;
(b) kueleza nafasi ya homoni katika tabia ya kuatamia;
(c) kutoa sababu zinazofanya jogoo asiatamie mayai;
(d) kulinganisha malezi ya jogoo na malezi ya madume wa ndege wengine;
(e) kubuni uchunguzi rahisi wa tabia za kuku nyumbani.

Istilahi muhimu

*Kuatamia*: kukaa juu ya mayai ili kuyapa joto hadi yaanguliwe.
*Tetea*: kuku jike aliyefikia umri wa kutaga.
*Pora*: jogoo mchanga ambaye hajakomaa.
*Homoni*: kemikali inayotengenezwa na tezi, husafirishwa na damu na kubadili utendaji wa kiungo kingine au tabia ya mnyama.
*Tabia ya kurithi*: tabia ambayo mnyama huzaliwa na uwezo wa kuifanya bila kufundishwa.
*Kichocheo*: jambo la nje au la ndani ya mwili linalosababisha mnyama kuitikia.

1. Swali linaloonekana rahisi

Chukua swali hili: *"Eleza mchango wa jogoo katika uzazi na malezi ya kuku."* Watahiniwa wengi huandika sentensi moja tu: jogoo humpanda tetea ili mayai yarutubishwe. Sentensi hiyo ni sahihi, lakini ni hoja moja. Kama swali lina alama 10, hoja moja haitakufikisha popote.

Kosa hilo linatokana na mazoea. Nyumbani tunamwona tetea akikaa juu ya mayai siku 21, akitembea na vifaranga, akipambana na mwewe. Jogoo tunamwona akiwika, akipigana na kukimbiza matetea. Tunahitimisha kwamba yeye hana kazi. Mwanafunzi wa baiolojia hatakiwi kuishia kwenye mazoea. Anatakiwa kuangalia kwa utaratibu, kuandika alichokiona, kisha kutafuta sababu. Ukifanya hivyo utagundua mambo mawili. Kwanza, jogoo anafanya kazi kadhaa za uzazi na ulinzi ambazo hatuzioni kwa haraka. Pili, uwezo wa kulea haukosekani kabisa mwilini mwake, bali umezuiwa na hali ya homoni zake.

2. Asili ya kuku na mfumo wake wa uzazi

Kuku wa kufugwa ametokana hasa na kuku-mwitu mwekundu wa misitu ya Kusini-Mashariki mwa Asia. Jina la kisayansi la kuku-mwitu huyo ni *Gallus gallus*, na kuku wetu wa uani huitwa *Gallus gallus domesticus*. Tabia nyingi tunazoziona uani ni zile zile za porini: kulala juu ya mti usiku, kuparua ardhi kutafuta chakula, kuficha mayai kichakani, na kuishi katika kundi lenye ngazi za ukubwa. Mwanasayansi Thorleif Schjelderup-Ebbe wa Norway ndiye aliyeeleza mpangilio huo wa kudonoana katika miaka ya 1920: kuku wa ngazi ya juu hudonoa wa chini yake, naye wa chini hukubali kupisha.

Katika kundi, jogoo mmoja mkuu hupanda matetea kadhaa. Huu ni mfumo wa dume mmoja na majike wengi. Zaidi ya hayo, tetea ana vifuko vidogo sana katika mrija wa mayai vinavyohifadhi mbegu za kiume. Kwa sababu hiyo anaweza kuendelea kutaga mayai yaliyorutubishwa kwa takribani wiki 2 au zaidi baada ya kupandwa mara ya mwisho. Shika hoja hii, kwa maana tutairudia tutakapoeleza kwa nini jogoo haatamii.

3. Jogoo na kiota

Ndege wengi hujenga kiota kwa nyasi, vijiti au matope. Kuku hajengi. Kiota chake ni shimo la kina kifupi ardhini, kwenye majani, ndani ya kikapu, au pembeni mwa stoo ya jikoni. Kinachohitajika ni mahali penye kivuli, pasipo na kelele na palipojificha.

Tetea anapokaribia kutaga huwa hatulii. Huzungukazunguka, huchungulia pembeni na kutoa sauti ya kulalamika. Wakati huo jogoo huweza kufanya jambo ambalo watu wengi hulipita bila kuliona. Huingia kwenye kona au chini ya kichaka, huinamisha kifua, huparua kwa miguu, hujigeuza huku na huku kana kwamba yeye ndiye anayetaka kutaga, na kutoa sauti ya chini ya kunguruma. Tetea husogea kuangalia. Akiparidhia huingia na kukaa. Asipoparidhia huondoka na kutafuta kwingine.

Tabia hii huitwa *kuonyesha kiota*. Mtahiniwa zingatia mambo mawili hapa. Jogoo hupendekeza mahali, lakini mwenye uamuzi wa mwisho ni tetea. Vilevile, jogoo kukaa kwenye kiota kwa dakika chache si kuatamia, kwa kuwa hakai hapo kuyapa mayai joto.

Tetea akishataga hutoka na kupiga kelele za kutetea. Mara nyingi jogoo humwitikia, humfuata na kumsindikiza kurudi kundini. Kumsindikiza kuna faida: tetea aliyetoka kiotani yuko peke yake, na aliye peke yake ni rahisi kukamatwa na adui.

4. Kuatamia: kazi ya tetea na homoni zake

Tetea wa kienyeji hutaga yai moja kwa siku, akiruka siku moja moja, hadi mayai yafikie idadi ya kutosha, kwa kawaida kati ya 10 na 15. Kisha huacha kutaga na kuanza kuatamia. Mabadiliko haya husababishwa hasa na homoni ya *prolaktini*, inayotoka kwenye tezi ya pituitari chini ya ubongo.

Prolaktini inapoongezeka katika damu ya tetea:

(i) utagaji husimama, kwa kuwa homoni zinazochochea ovari hupungua;
(ii) tetea hukaa kiotani karibu muda wote, akitoka kwa muda mfupi tu kula, kunywa na kujisaidia;
(iii) hupungua uzito kwa sababu hula kidogo;
(iv) huwa mkali, hutimua manyoya na kudonoa mkono unaomkaribia;
(v) sehemu ya ngozi ya kifua hupoteza manyoya, na damu nyingi hupita hapo ili joto lifike moja kwa moja kwenye mayai.

Mayai huhitaji joto la karibu nyuzi 37.5 za Selsiasi kwa siku 21. Tetea huyageuza mara nyingi kwa siku ili kiinitete kisigande upande mmoja wa ganda na ili joto lienee sawa.

Kugusana na mayai nako ni kichocheo. Mayai yakiguswa na ngozi ile ya kifua, prolaktini huendelea kuwa juu. Ukiondoa mayai na kumtoa tetea kwenye kiota chenye giza na joto, prolaktini hushuka, na baada ya muda tetea hurudi kutaga. Ndiyo maana wafugaji humhamishia tetea "aliyeng'ang'ania kulalia" kwenye tundu lenye mwanga na hewa.

*Zingatia*: Kuku wengi wa kisasa wa mayai hawaatamii kabisa. Wafugaji wa vizazi vingi walichagua matetea wasioatamia, kwa kuwa tetea anayeatamia hatagi. Mayai ya kuku hao huanguliwa kwa mashine ya kutotolea. Huu ni ushahidi mzuri kwamba kuatamia ni tabia ya kurithi: inaweza kupunguzwa kwa kuchagua wazazi.

5. Mwito wa chakula

Jogoo akipata mdudu au punje hutoa sauti fupi fupi za haraka, huku akiinamisha kichwa na kukiinua. Hukidonoa kile chakula, hukiangusha, hukiokota tena na kukiangusha tena. Matetea wanaposikia hukimbilia alipo. Mara nyingi jogoo hali, bali humwachia tetea aliyefika kwanza. Baadhi ya majogoo huita hivyo hata vifaranga.

Je, huu ni ukarimu? Jibu la kisayansi linahitaji uangalifu. Majaribio ya watafiti wa tabia za kuku yameonyesha kwamba jogoo huita zaidi anapokuwa karibu na tetea, na huita kidogo au hunyamaza kabisa anapokuwa karibu na jogoo mwenzake. Wakati mwingine huita hata kama kilichopo mbele yake si chakula. Kwa hiyo mwito huu ni sehemu ya kuchumbia. Jogoo anayeonyesha chakula mara nyingi huvutia matetea. Hata hivyo matokeo yake ni kwamba tetea hupata lishe ya ziada, hasa wadudu wenye protini, wakati ambapo mwili wake unatengeneza mayai.

Epuka kuandika "jogoo anawapenda wake zake" katika mtihani. Andika unachoweza kukiona na kukipima: nani aliita, nani alikuja, nani alikula.

6. Ulinzi: miito miwili kwa maadui wawili

Matetea wanapokula vichwa vyao huwa chini. Jogoo hutumia muda mwingi akiwa ameinua shingo, akigeuza kichwa kuangalia pande zote na juu. Akiona hatari hutoa mwito. Si mwito mmoja kwa kila hatari, bali miwili tofauti.

*Adui wa angani*, kama mwewe: jogoo hutoa mlio mrefu, mwembamba, ambao si rahisi adui kujua umetoka wapi. Kuku wanaousikia hukimbilia mafichoni au kuchutama pale pale na kuangalia juu.

*Adui wa ardhini*, kama kicheche, nguchiro, paka au mbwa: jogoo hutoa milio mifupi mifupi ya kukatika katika, yenye kelele. Kuku husimama wima, hunyoosha shingo na kutazama huku na huku.

Mwaka 1993 Christopher Evans, Linda Evans na Peter Marler walichapisha jaribio maarufu kuhusu jambo hili. Waliwachezea matetea sauti za miito zilizorekodiwa, bila adui yeyote kuwapo na bila jogoo kuonekana. Matetea waliitikia kila mwito kwa namna inayofaa aina ya adui. Maana yake ni kwamba sauti yenyewe ilibeba habari za kutosha. Marler na wenzake walikuwa wameonyesha pia kwamba jogoo akiwa peke yake hutoa mwito wa mwewe mara chache kuliko akiwa karibu na tetea. Kwa hiyo mwito huo si hofu inayopasuka tu, bali unategemea nani yupo wa kusikia.

Kazi hii ina gharama. Jogoo anayesimama mahali pa wazi akipiga mwito anaweza kuonekana na adui. Katika baiolojia, tabia yenye gharama huendelea kuwepo kama faida yake katika uzazi inazidi gharama hiyo. Matetea na vifaranga wanaookolewa na mwito wa jogoo mkuu ni wachumba wake na, mara nyingi, watoto wake.

7. Kwa nini basi jogoo haatamii?

Swali hili lina majibu ya aina mbili. Usiyachanganye.

*Sababu zilizo ndani ya mwili.* Jogoo aliyekomaa ana kiwango kikubwa cha *testosteroni* kutoka kwenye korodani zake. Homoni hii hukuza upanga wa kichwani, huchochea kuwika, kupigana na kupanda. Hali hiyo ya homoni haiendi pamoja na kutulia kiotani siku 21. Pia jogoo hatagi, hivyo hapitii mfululizo wa mabadiliko unaomwingiza tetea kwenye kuatamia.

*Sababu za uteuzi asilia.*

(i) Jogoo ana matetea kadhaa. Akiatamia mayai ya mmoja atakosa nafasi ya kuwapanda wengine na kulilinda kundi.
(ii) Hana uhakika kwamba mayai yote ni yake, kwa kuwa tetea huhifadhi mbegu za kiume na huweza kupandwa na majogoo zaidi ya mmoja. Tetea ana uhakika kwamba mayai aliyoyataga ni yake.
(iii) Rangi zake kali na manyoya marefu ya mkia vingemfichulia adui kiota. Tetea mwenye rangi ya udongo au majani makavu haonekani kwa urahisi.
(iv) Vifaranga wa kuku huanguliwa wakiwa na manyoya mepesi na macho wazi, nao hutembea na kudonoa siku ya kwanza. Wanahitaji joto, kuongozwa na kulindwa, lakini hawahitaji kulishwa mdomoni. Mzazi mmoja anaweza kuwatosha.

Ongeza hoja hii ili jibu lako liwe kamili: katika mazingira ya porini tetea mwenye vifaranga wachanga hujitenga na kundi kwa muda. Kwa hiyo mchango mkubwa wa jogoo ni kwa tetea kabla ya kuatamia na kwa kundi kwa jumla. Kwa vifaranga mchango wake ni mdogo zaidi.

8. Je, jogoo anaweza kulea?

Zaidi ya miaka 2,300 iliyopita Aristotle wa Ugiriki aliandika, katika kitabu chake kuhusu historia ya wanyama, kwamba majogoo wengine wameonekana wakichukua kazi ya tetea aliyekufa: kuwaongoza vifaranga na kuwalisha, hata wakaacha kuwika na kupanda. Wafugaji wa Ulaya ya zamani nao waliwatumia majogoo waliohasiwa kulea vifaranga. Habari hizi zinahitaji maelezo ya kisayansi, na maelezo yalikuja hatua kwa hatua.

*Hatua ya kwanza: Berthold, 1849.* Arnold Berthold wa Göttingen, Ujerumani, alitumia pora 6. Waliotolewa korodani bila kurudishiwa walikua na upanga mdogo, hawakuwika kama majogoo, hawakupigana wala kujali matetea. Wale waliopandikiziwa korodani tumboni, mbali na mahali pake pa kawaida, walikua majogoo kamili. Kwa kuwa mishipa ya fahamu ya awali ilikuwa imekatwa, Berthold alihitimisha kwamba korodani hutia kitu fulani kwenye damu. Jaribio hili huhesabiwa kuwa mwanzo wa elimu ya homoni.

*Hatua ya pili: prolaktini, miaka ya 1940.* Majogoo walipodungwa prolaktini walianza kuonyesha tabia za ulezi, na korodani zao zilipungua ukubwa.

Unganisha hatua hizo mbili. Kupungua kwa testosteroni huondoa kizuizi. Kuongezeka kwa prolaktini huamsha tabia. Maana yake ni kwamba ubongo wa jogoo una njia za fahamu za ulezi, ila katika hali ya kawaida hazichochewi.

Tetea naye anatupa ushahidi wa upande wa pili. Tetea ana ovari moja tu inayofanya kazi, ya kushoto. Ikiharibiwa na ugonjwa, kiungo cha kulia kilichokuwa kimelala huweza kukua na kutoa homoni za kiume. Tetea huyo huota upanga mkubwa na huweza kuwika. Katika jamii nyingi tetea anayewika huhesabiwa kuwa mkosi na huchinjwa haraka. Kwa mwanafunzi wa baiolojia ni mabadiliko ya homoni.

9. Ulinganisho na ndege wengine

| Ndege | Nani huatamia | Mchango wa dume |
|---|---|---|
| Kuku | Jike peke yake | Huonyesha kiota, huita kwenye chakula, hulinda |
| Njiwa | Wote wawili kwa zamu | Huatamia, na hulisha makinda maziwa ya gole kama jike |
| Mbuni | Wote wawili | Dume mweusi huatamia usiku. Jike wa rangi ya kijivu mchana |
| Hondohondo | Jike, akiwa amejifungia ndani ya tundu la mti | Humlisha jike na makinda kupitia upenyo mwembamba |
| Emu wa Australia | Dume peke yake | Huatamia karibu wiki 8 na kulea vifaranga |

Jedwali linaonyesha kwamba hakuna kanuni moja ya asili inayosema "jike hulea, dume hazai kitu". Mgawanyo hutegemea mfumo wa uzazi, hali ya makinda wanapoanguliwa na mazingira. Kinda la njiwa huanguliwa likiwa halioni na karibu uchi, hivyo linahitaji wazazi wawili. Kifaranga wa kuku hutembea siku ile ile.

10. Matumizi kwa mfugaji

(i) Tetea hutaga hata bila jogoo, lakini mayai hayo hayajarutubishwa na hayataanguliwa. Anayeuza mayai ya kula hahitaji jogoo. Anayetaka vifaranga anamhitaji.
(ii) Kwa kuku wa kienyeji, jogoo 1 kwa matetea 8 hadi 10 hutosha. Majogoo wakizidi, hupigana na kuwajeruhi matetea.
(iii) Andaa viota mahali penye kivuli, pakavu na tulivu, ili tetea asiende kutaga kichakani ambako nyoka na nguchiro watayala mayai.
(iv) Mlinzi wa kundi si mbadala wa banda. Jogoo hutoa tahadhari, lakini hawezi kumzuia kicheche usiku. Vifaranga wachanga walindwe kwa tenga au banda imara.
(v) Angalia jogoo anavyowachukulia vifaranga. Wengi huwavumilia. Anayewadonoa atengwe.

11. Uchunguzi wa nyumbani

*Lengo*: kuchunguza kama jogoo huinua kichwa kuangalia hatari mara nyingi kuliko tetea wakati wa kula.

*Vifaa*: saa, daftari, kalamu, kundi la kuku lenye jogoo.

*Njia*: Kaa mbali kiasi ili kuku wasikuzoee kama mletaji wa chakula. Chagua jogoo na tetea mmoja. Kwa dakika 10 mhesabu jogoo ameinua kichwa mara ngapi. Kisha dakika 10 kwa tetea. Rudia kwa siku 5, saa ile ile. Kila siku badilisha wa kuanza naye. Andika pia kila mwito uliousikia na nini kilitokea baadaye.

*Tahadhari*: Usilete mbwa wala kutupa mawe ili kuwatisha. Mnyama aliyetishwa anateseka, na matokeo yako hayataonyesha hali ya kawaida.

*Hitimisho*: Linganisha wastani wa siku 5. Kama tofauti ni ndogo, andika hivyo. Mtahini hutafuta hitimisho linalotokana na takwimu zako, si lile ulilolisoma kitabuni.

12. Makosa ya kuepuka

- Kuandika kwamba bila jogoo tetea hatagi.
- Kuita tabia ya kuonyesha kiota "kuatamia".
- Kutaja testosteroni peke yake na kusahau prolaktini.
- Kueleza tabia kwa hisia za binadamu badala ya kichocheo, mwitikio na faida.
- Kutoa sababu za homoni pale swali linapouliza faida ya kimageuko, au kinyume chake.

13. Maswali ya marudio

1. Taja tabia tatu za jogoo zinazomsaidia tetea kabla na wakati wa kipindi cha kutaga. (alama 3)

2. Eleza tofauti kati ya mwito wa adui wa angani na wa ardhini, na mwitikio wa kuku kwa kila mmoja. (alama 4)

3. Eleza jinsi majaribio yalivyoonyesha kwamba tabia za jogoo hutawaliwa na homoni. (alama 6)

4. Mama Asha ana matetea 8 na jogoo 1. Anahitaji fedha za ada. Kijana wake anamwambia, "Mama, tumuuze jogoo, hatagi wala haatamii." Mama anajibu, "Mwanangu, subiri kwanza tufikiri." Kwa kutumia elimu ya baiolojia, mshauri Mama Asha. (alama 7)

Mwongozo wa majibu

1. Huonyesha kiota, huita kwenye chakula, hulinda na kutoa tahadhari. (Kumsindikiza tetea aliyetoka kutaga pia hukubaliwa.)

2. Angani: mlio mrefu, mwembamba, kuku hujificha au kuchutama na kuangalia juu. Ardhini: milio mifupi yenye kelele, kuku husimama wima na kutazama pande zote.

3. Berthold (1849): pora waliotolewa korodani hawakukuza sifa na tabia za jogoo, waliopandikiziwa walizikuza, hitimisho ni kwamba kitu husafirishwa na damu. Prolaktini: majogoo waliodungwa walionyesha tabia za ulezi na korodani zao zilipungua. Hivyo tabia ilibadilika homoni zilipobadilika.

4. Jibu zuri huanza kwa kuuliza lengo la ufugaji. Kama Mama Asha anauza mayai ya kula, jogoo anaweza kuuzwa bila utagaji kusimama. Kama anategemea vifaranga, akimuuza mayai yataendelea kuwa na mbegu kwa takribani wiki 2 au zaidi kutokana na akiba iliyo kwenye vifuko vya tetea. Baada ya hapo hayataanguliwa. Aidha kundi litapoteza mlinzi wa mchana na mwonyesha chakula. Hoja ya kijana ni sahihi kwa sehemu: ni kweli jogoo hatagi wala haatamii, lakini si kweli kwamba hana kazi. Ushauri: kama kuna pora anayekaribia kukomaa, amlee achukue nafasi, kisha jogoo mzee auzwe. Kama hakuna, ni afadhali kuuza tetea mmoja aliyezeeka na kubaki na jogoo. Alama hutolewa kwa sababu zilizoelezwa, si kwa uamuzi peke yake.